Nchi Inayozika Wagombea Wake

Alhamisi, tarehe ishirini na moja ya mwezi wa nane, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Asubuhi yake mbunge wetu, aliyekuwa akigombea tena, alipanda jukwaani kwenye uwanja wa mnada akasema zahanati yetu haina haja ya muuguzi wa usiku, watu wajifunze kuugua mchana. Alisema kwa utani, na watu wa mjini aliokuja nao wakacheka. Mwezi mmoja kabla, wakati wa kura za maoni ndani ya chama, mtu huyuhuyu alikaa kwenye mkeka wangu, akanywa uji wa mke wangu, akaapa kwamba muuguzi wa usiku haondoki yeye akiwa hai. Jioni ya Alhamisi muuguzi akapakia godoro lake kwenye gari la kampeni. Usiku pumu ikamkamata Mwajabu wangu. Tulimfikisha zahanati tukakuta kufuli. Alifia pale barazani, mgongo ameegemeza mlangoni, na mimi nimelishika lile kufuli nalitikisa kama mjinga.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, na kazi yangu ni kuchimba visima na vyoo vya watu. Kwa hiyo niliyoyaona Ufufuni nayaandika kama yalivyokuwa, na anayesema nimetunga aende akaone mwenyewe. Njia sitaieleza. Baada ya arobaini ya mke wangu niliondoka nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kunifikisha popote, nayo ikanifikisha huko.

Ufufuni ni mji na ni nchi, maana nchi yote imejibana kwenye kingo mbili za korongo moja. Upande wa Juu wana hospitali, mahakama na magodoro manene. Upande wa Chini wana mashamba, majaruba ya chumvi na migongo inayouma. Katikati pana daraja moja, na darajani pana lango la chuma. Lango hufungwa jua likizama na kufunguliwa jua likichomoza, kwa sababu watu wa Juu hawapendi kusikia nyayo za watu wakiwa wamelala. Niliuliza mgonjwa wa Chini hufanya nini jioni. Nikaambiwa husubiri. Nikauliza, akishindwa kusubiri? Nikaambiwa hapo anakuwa hana tena haja ya daraja.

Aliyenipokea ni Bi Kidawa, mama wa Chini anayesuka mikeka, mjane kama nilivyo mimi. Alikuwa na binti yake, Mosi, mwenye mimba iliyokwisha kukomaa. Mtoto wa kwanza wa Mosi alizaliwa mbele ya lango lile, juu ya mawe, akakaa duniani mpaka alfajiri tu. Huyu wa pili mkunga alishampapasa akasema amekaa vibaya, kwa mikono mitupu hatatoka salama, lazima mama afike hospitali uchungu ukimshika. Sasa uchungu hauchagui saa. Kila jua lilipoteremka, Bi Kidawa aliacha kusuka, akamtazama binti yake, na nyumba nzima ikanyamaza mpaka asubuhi.

Nilifika wakati wa uchaguzi. Kule wanapiga kura mara mbili. Ya kwanza huitwa Kura ya Jikoni: ni ya wanachama wenyewe, watu wa Chini, na mgombea huja akakaa kwenye kigoda, akala ugali kwa mkono na kujifuta kwenye suruali. Ya pili huitwa Kura ya Sebuleni. Hiyo ni ya nchi nzima, na mgombea huvaa koti, akazungumza taratibu, macho yameelekea Juu.

Mgombea mkubwa wa mwaka ule alikuwa Mheshimiwa Mkumbukwa. Nilimsikiliza jikoni. Alisimama karibu na Mosi, akalitazama tumbo lake, akainua mikono yote miwili.

"Lile lango," akasema, "nitaling'oa kwa mikono yangu hii."

Wala haikuwa ndoto, kwa maana lango limesimama kwenye kiwanja cha ukoo wake. Babu yake ndiye aliyelifua, baba yake akalitia mafuta, na yeye ndiye mwenye funguo. Hahitaji kuomba ruhusa ya mtu. Watu walilia kwa furaha, wakampigia kura mpaka masanduku yakajaa, akashinda. Nikamwambia Bi Kidawa, dada, hongera, mmepata njia. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyekalia kiti kibovu.

"Bado hajafa," akasema.

Nilidhani sikumwelewa. Kumbe nilimwelewa vizuri kabisa.

Sheria ya Ufufuni inasema aliyeshinda Kura ya Jikoni lazima afe kabla ya kwenda Sebuleni. Hafi kifo chako na changu. Anavishwa sanda, anaswaliwa, anazikwa, na alfajiri inayofuata anatolewa kwa nyuma, anaogeshwa, anavishwa koti, na kutangazwa kuwa mtu mpya aliyekuja nchini. Sura ni ileile, lakini kisheria hajawahi kuonana na mtu yeyote. Mtu akimkumbusha aliyoyasema jikoni, anashtakiwa kwa kosa la kusumbua maiti, na adhabu yake ni kufagia makaburi mpaka uchaguzi upite. Nilimkuta jirani wa Bi Kidawa, Bwana Farjala, akiitumikia adhabu hiyo. Uchaguzi uliopita alisimama mkutanoni akasema maneno matatu tu, "lakini jikoni ulisema", na hajaruhusiwa kuutua ufagio mpaka leo, kwa sababu kila akikaribia kumaliza anasema tena.

Mwenye ofisi ya mambo haya anaitwa Mzikaji Mkuu. Alikuwa Bwana Ubwa, mzee mpole, mnyoofu, mwenye kuipenda sheria kama wengine wanavyopenda kahawa. Nilimwendea nikamwuliza ukweli ni upi. Alinieleza kwamba zamani watu walipigana kila uchaguzi kwa sababu viongozi walibadilika, basi wenye hekima wakakaa wakatafuta dawa, na dawa ikawa hii.

"Mwongo ni mtu mmoja mwenye kauli mbili," akasema. "Sisi tuna watu wawili, kila mmoja na kauli yake. Mtafute mwongo hapo, humpati."

Nikamwuliza kwa nini hawakumlazimisha tu yule mmoja abaki na kauli moja. Akasema tangu ashike ofisi hakuna aliyewahi kuliuliza hilo, tena akaniomba kwa upole nisilirudie mbele za watu.

Basi akazikwa. Nimeona mazishi mengi, na mengine nimeyachimbia mwenyewe, ila ya namna ile sijaona. Palikuwa na kamati ya vilio inayopita kati ya watu kuangalia nani analia na nani anajifanya. Sanda ilikuwa na tundu puani. Maiti alipiga chafya mara mbili njiani, na kila alipopiga, wabebaji walisema "Mungu amrehemu" na kuendelea. Walimshusha kwenye shimo la kina cha goti, wakamfunika kwa mianzi na udongo kidogo. Nilikuwa nimejipanga kucheka. Lakini nilipousikia ule udongo ukigonga mianzi, nilimkumbuka Mwajabu, na kilio kikanitoka ambacho sikukiita. Nililia mpaka nikakaa chini. Kamati ikakimbia kunitazama. Wakasema haijapata kutokea mgeni kumlilia mgombea kwa kiwango hicho, wakanifunga kitambaa cheusi mkononi, wakanipeleka kukaa na wafiwa nyumbani kwa marehemu. Nilikubali. Pilau ilikuwa nzuri.

Hapo ndipo nilipomjua Bi Ndekwa, mke wa Mkumbukwa, au mjane wake, sijui niseme vipi. Alikuwa mama mnene, mtulivu, amekaa kwenye mkeka akichambua mchele wa khitma. Aliniuliza ninamlilia nani, maana aliona wazi simlilii mumewe. Nikamwambia. Hakunipa pole ya haraka haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu na yeye akanieleza yake. Hayo yalikuwa mazishi ya tatu ya mume wake.

"Nafiwa kila uchaguzi, kaka Mgaza," akasema. "Marehemu wa kwanza aliniahidi hataoa mke wa pili. Aliyefufuka akasema hiyo kauli haijui, akaoa."

Akaniuliza kwetu mtu akifa mambo yake yanaendaje. Nilimweleza yaliyonikuta. Mwajabu, siku za nyuma alipokuwa akiugua, alitamka mbele ya majirani kwamba cherehani chake apewe binti wa jirani aliyekuwa akimsaidia. Alipofariki, kaka zake walikuja na mkokoteni kukichukua. Wazee wakawazuia mlangoni. Wakasema wasia kwanza, mirathi baadaye, na hakuna atakayegusa hata kijiko mpaka cherehani kiwe kimefika kwa mwenyewe. Bi Ndekwa aliacha kuchambua mchele.

Akaniuliza, je, wasia hutekelezwa hata kama mrithi hautaki? Nikamwambia mrithi ndiye mtu asiyeulizwa kabisa. Akausukuma mchele pembeni. Kisha akaita mtumishi, akaagiza mlango wa mbele ufungwe kwa ndani, akavaa kaniki, akatangaza kwamba ameingia eda.

Watu walidhani ni desturi tu. Alfajiri Mkumbukwa alifukuliwa, akaogeshwa, akapakwa mafuta mazuri, akaja nyumbani kupumzika kabla ya kampeni. Mlango haukufunguliwa. Alibisha, akaita kwa jina, akaita kwa yale majina ya chumbani. Mtumishi akachungulia dirishani na ujumbe wa bibi.

"Bibi anasema mgeni halali kwa mjane."

Habari hiyo ilifika Chini kabla ya chai. Mheshimiwa akalala kwenye ofisi ya chama, juu ya mabango yake mwenyewe, na jioni yake nilisikia watu wa Chini wakicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Kicheko hakikudumu. Kwenye mkutano wa kwanza wa Sebuleni yule mtu mpya alisimama akiwa na koti la rangi ya majivu, akatazama Juu, akasema lango ni urithi wa taifa. Akasema watu wenye usingizi mzuri ndio wanaojenga nchi. Akaahidi kuliongezea kufuli la pili na kulipaka rangi. Mosi alikuwa amekaa karibu nami, mkono tumboni. Nilimwona akihesabu kitu midomoni, nadhani alikuwa akihesabu machweo yaliyobaki. Bi Kidawa alifungua mdomo. Askari wa makaburi akamwinulia ufagio, naye akafumba mdomo.

Nilitoka pale nimejaa. Nilikuwa nimetembea nchi nzima ya hasira kufika mahali ambapo wanafanya uleule uovu wa kwetu, ila wao wanaufanyia sherehe na wanautungia sheria. Nilimwambia Bi Kidawa naondoka kesho yake. Akaniomba nimsubirie siku ya mirathi, maana Mosi akishikwa atahitaji wanaume wa kubeba machela mpaka langoni, hata kama ni kwenda kusubiri. Sikuweza kukataa hilo.

Siku ya mirathi ni sherehe yao ya mwisho kabla ya kura. Kwa kuwa mtu wa zamani amekufa, lazima mali yake igawiwe, na mrithi pekee huwa yule mtu mpya. Hurithi nyumba, majaruba, viwanja na mke. Hurithi na jina pia, na jina ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu bila jina hawezi kuwekwa kwenye karatasi ya kura. Mambo hufanyika uwanjani, Juu na Chini wote wakiwepo. Mzikaji Mkuu husimama akauliza mara tatu, kwa sauti, kama marehemu ameacha wasia. Watu hujibu kwa pamoja, "Hakuacha," na kila kitu kinakabidhiwa. Bi Kidawa aliniambia amejibu hivyo tangu yuko mgongoni kwa mama yake, wala hajawahi kufikiri anajibu nini.

Bwana Ubwa akauliza mara ya kwanza. Uwanja ukajibu hakuacha. Akauliza mara ya pili. Uwanja ukajibu hakuacha, wengine wakipiga miayo, na Mkumbukwa akiwa amekwisha kunyoosha mkono apokee. Akauliza mara ya tatu. Kabla uwanja haujavuta pumzi, mwanamke mwenye kaniki akasimama kwenye viti vya wafiwa.

"Ameacha," akasema Bi Ndekwa.

Mkumbukwa aligeuka polepole akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana sura ya kuvaa.

Bwana Ubwa aliuliza ameacha wasia gani na mashahidi ni nani. Bi Ndekwa akajibu kwamba mume wake kabla ya kifo chake alitamka jambo moja mbele ya watu wa Jikoni, akiwa na akili timamu, na walioshuhudia wako hapo uwanjani. Kwamba yeye hamsumbui maiti. Anaomba tu haki ya marehemu itimizwe. Akageukia upande wa watu wa Chini, akangoja.

Hakuna aliyesimama. Nimeishi kati ya watu wenye hofu, najua inavyokuwa, kila mtu anatazama vidole vya miguu yake. Niliona mtu wa mbele yangu jasho linamchuruzika shingoni. Mimi ni mgeni, ushahidi wangu haukubaliki, nilikwisha kuuliza. Ndipo nikasikia mkeka unasogezwa. Bi Kidawa alikuwa anasimama, na alipokuwa anasimama alimshika Mosi mkono akasimama naye, tumbo lile mbele ya nchi nzima.

"Nilimsikia marehemu," akasema, "Mungu amlaze mahali pema. Alisema lango ataling'oa kwa mikono yake."

Askari akainua ufagio. Bwana Ubwa akamwashiria ashushe. Kusumbua maiti ni kosa, akasema, lakini kumsifu maiti sheria haikatazi.

Basi tena. Ungewaona. Bwana Farjala alitokea makaburini na ufagio wake begani, akasema marehemu alikuwa mtu mkweli sana. Muuza chumvi mmoja akasema marehemu alikuwa hapendi makufuli tangu utoto. Mama mwingine akasema marehemu alilia, kabisa, machozi, aliposikia habari ya mtoto wa kwanza wa Mosi. Walisimama safu kwa safu, Chini yote, kila mmoja akimtaja marehemu kwa wema, wanamwombea, wanamsifu, wanarudia neno kwa neno kila alichosema jikoni, na kila sifa ilikuwa msumari. Watu walikuwa wanacheka na kulia. Yule aliyesifiwa alikuwa amesimama pale katikati, mzima, anasikiliza, anazidi kuwa mdogo ndani ya koti lake.

Akasema yeye kama mrithi anaukataa wasia. Bwana Ubwa akamjibu kwa upole kwamba mrithi haulizwi. Mpaka wasia utimizwe, nyumba inakaa, majaruba yanakaa, mjane anakaa, na jina linakaa. Aliposikia jina, Mkumbukwa akapauka. Kura ilikuwa keshokutwa. Wakili mmoja wa Juu akajitokeza kumsaidia, akajaribu kujenga hoja kwamba kuna umauti wa muda, mtu anaweza kuwa amekufa kwa upande wa ahadi na akawa mzima kwa upande wa majaruba. Watu walimwacha aongee mpaka mwenyewe akayasikia anayoyasema, akakaa.

Ndipo Mkumbukwa akaivunja sheria ya nchi yake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Jamani, mimi ndiye," akasema. "Ndekwa, mke wangu, si unaniona? Mimi sikufa."

Mzikaji Mkuu aliziba masikio. Tangu nchi ile iwe nchi, hakuna aliyewahi kulitamka hilo. Bi Ndekwa peke yake ndiye hakushtuka. Alikuwa akilingoja, nadhani alilingoja mazishi yote matatu.

"Kama hukufa, kauli ni yako," akamwambia. "Kama ulikufa, kauli ni wasia. Chagua mlango unaotaka, baba. Yote miwili inatokea darajani."

Nikikuambia nilifurahi, nakudanganya. Kufurahi ni neno dogo. Nimewaona wanasiasa wakiteleza kila mahali, nikamwona wangu akiteleza juu ya roho ya mke wangu, na leo ninamwona mmoja amekwama, pande zote mbili, jasho linamdondokea kwenye tai. Aliangalia Juu, Juu wakatazama pembeni. Aliangalia Chini, Chini wote walikuwa wamesimama. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, nyundo iko wapi.

Tulimsindikiza darajani kama arusi. Ngoma zilitoka majumbani zenyewe. Kwa kuwa wasia ulisema kwa mikono yake, hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Alianza kugonga bawaba vibaya, anapiga hewa, anapiga kidole. Mimi nikamsogelea nikamwonyesha namna ya kushika tindo na kuielekeza nyundo, na hiyo ndiyo huduma pekee niliyowahi kumpa mwanasiasa kwa moyo mkunjufu. Akaniambia asante. Nikamwambia usijali, Mheshimiwa, gonga. Viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Watu wa Juu walitoka vibarazani na nguo zao za kulalia wakauliza kelele za nini, na wanawake wa Chini wakawajibu kwa vigelegele.

Jua lilikuwa linagusa ukingo wa korongo, saa ileile ambayo funguo huzungushwa kila siku, lango lilipoinama. Likalia kama ng'ombe. Kisha likaenda chini, likigonga mawe, na ule mlio ukawa unarudi na kurudi kutoka kila upande wa nchi. Mlio haujaisha vizuri, nikasikia Mosi akimwita mama yake. Uchungu ulikuwa umemshika.

Hatukusubiri. Nilishika mpini mmoja wa machela, Bwana Farjala akatupa ufagio akashika wa pili, na wengine sikuwatambua kwa sababu kila mtu alitaka kubeba. Tukapita pale lango lilipokuwa. Nilitarajia kumsikia mtu akisema simama, miguu yangu yenyewe ilikuwa inangoja kuambiwa simama. Hakuna aliyesema. Giza lilikuwa limeingia na sisi tuko katikati ya daraja, tunakimbia, tunaimba, na nyayo zetu zinagonga mbao kwa nguvu zote, na mbele taa za hospitali zinakuja. Mlango wa hospitali ulikuwa wazi. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, akatuuliza tu, mgonjwa ni huyu?

Mtoto alitolewa kwa kisu, mzima, wa kike, mwenye hasira. Tulimsikia kutoka nje. Chini yote ilikuwa imejaa ua wa hospitali ya Juu, na aliposikika, watu walirushana hewani. Bi Kidawa alinikumbatia mbele za watu bila kujali nitasemwaje. Mimi nililia tena, na safari hii kamati ya vilio isingejua kiti cha kuniwekea.

Asubuhi yake Bwana Ubwa alitangaza, maana hakuwa na njia nyingine, kwamba Mheshimiwa Mkumbukwa yu hai, hajawahi kufa, na mazishi yake yamefutwa. Mheshimiwa alikuwepo, mikono imefungwa bandeji, na lazima niseme kweli, alipigiwa makofi, akayapokea kama mtu anayeonjeshwa chakula asichokijua. Bi Ndekwa alivua kaniki. Kama alimfungulia mlango au hakumfungulia, huo ni mlango wake.

Umati ukaelekea makaburini kulifukia lile shimo tupu. Ni makaburi makubwa, yamefagiwa vizuri. Kila kaburi lina jiwe na jina, na watu walipokuwa wanapita wakaanza kuyasoma majina kwa sauti. Huyu ni waziri wa maji. Huyu ni spika wa baraza. Huyu ni jaji. Huyu ndiye mwenyewe, mkubwa wa wote, aliyezikwa mwaka wa njaa baada ya kuahidi maghala. Safu baada ya safu, serikali nzima imelala pale, na serikali hiyohiyo asubuhi ile ilikuwa imekaa barazani Juu ikinywa chai. Kelele zikapungua zenyewe. Mosi hakuwepo, alikuwa kitandani na mwanawe, lakini mama yake alikuwepo. Alisimama katikati ya yale mawe, akamgeukia Mzikaji Mkuu, akamwuliza taratibu, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. Bwana Ubwa alisema atakwenda kutazama sheria. Baraza likaitwa, likajifungia, na watu wa Chini wakakaa nje wakisubiri, safari hii wamebeba vyakula na mikeka. Niliwaacha hapohapo, na habari nilizozipata tangu wakati huo zinasema bado wamekaa, na swali la Bi Kidawa bado halijajibiwa:

"Huyu mmoja tumeshajua ni mzima. Na hawa wengine wote, Bwana Ubwa? Kama ni wazima, mbona hatujaona walichotuahidi, na kama ni maiti, ni nani anayetutawala?"